Unataka kufunga pampu ya mafuta kwenye ndege ya rimoti? Angalia tangi kwanza

Vijana wanaorusha ndege za rimoti huku Unguja suali lao kubwa ni moja, injini ikiwa chini inalia vizuri, ndege ikiinua pua tu inakohoa halafu inazima, sasa nifunge pampu? Yakhe pampu baadae. Tangi limekaa wapi? Katikati ya tangi kuwe sawa na sindano ya kabureta au chini yake kidogo, sentimita moja hivi, na lisiwe mbali na injini, na ule mpira wa presha unaotoka kwenye mafla (ekzosi) kuja kwenye tangi usiwe umepasuka. Hayo yakikaa sawa injini ndogo ya cc 7.5 (ujazo wa silinda), ile wanayoiita 46, mara nyingi haitaki pampu kabisa.

Pampu ina kazi pale tangi umelirudisha nyuma, mfano chini ya bawa ili mafuta yakipungua ndege isibadilike uzito wa mbele na nyuma.

Na kama injini yako ya petroli usitupe pesa, pampu unayo tayari. Kabureta zake, nyingi ni za kampuni ya Walbro, zina kipira chembamba ndani, dayaframu, kinachezeshwa na mapigo ya presha ya kwenye kranki (kisanduku cha chini ya pistoni), ndio kabureta za mashine za kukatia majani mahotelini. Mashine nyingi za boti za Yamaha nazo zinavuta mafuta kwa njia hio hio, kwa hio ukikwama nenda kwa fundi wa boti, atakufahamu haraka kuliko hao wa kwenye video.

Haya, injini ni ya methanoli, ile spiriti inayotiwa badala ya petroli, na tangi liko mbali kweli. Pampu ziko za aina mbili. Moja inakula presha ya kranki, utahitaji chuchu (kijibomba cha kuchomekea mpira) kwenye kifuniko cha nyuma cha injini, na mpira wa kutoka hapo uwe mfupi na mgumu kidogo maana ukiwa mrefu na laini mapigo yanafia njiani. Nyengine inafanya kazi kwa mtikisiko wa injini, hii ifunge kwenye injini yenyewe au kwenye kikalio chake, ielekee vile pistoni inavopanda na kushuka, usiiweke kwenye sponji halafu ukashangaa haisukumi. Ukishafunga, ule mpira wa mafla utoe, chuchu ya mafla izibe, na tangi liache lipumue hewa ya nje.

Filta usiikose, kati ya tangi na pampu. Sisi tunarusha pwani maji yakitoka, mchanga upo hewani hasa upepo wa kusi ukichachamaa, na chembe moja tu ikikaa kwenye vali ya pampu siku imeisha. Mipira iwe ya silikoni kwa methanoli, petroli inaivimbisha silikoni kwa hio usichanganye.

Kuseti sasa, hapa ndio watu wanakosa subira. Pampu inasukuma zaidi kwa hio sindano utaifunga kuliko ulivozoea, robo mzunguko kwa robo mzunguko, halafu rudi kwenye skrubu ya mwendo mdogo maana nayo itakuwa imetoka kwenye seti yake. Mwenzako aishike ndege vizuri, nawe simama nyuma ya propela, injini kasi yote, pua ya ndege juu. Sauti ikipanda kidogo sawa, ikififia mafuta hayatoshi, fungua tena.

Na tangi likiwa juu ya kabureta mafuta yanashuka yenyewe ndege ikiwa imekaa, kwa hio bana mpira wa mafuta. Ukiona propela imekuwa nzito ghafla usitie stata! Silinda imejaa mafuta, utapinda konrodi, ule mkono wa pistoni. Toa plagi, zungusha kwa mkono mpaka yatoke yote.

Ukimaliza kurusha toa mafuta kwenye tangi, iache injini iwake mpaka ijizime, kisha tia matone ya oili ndani. Methanoli inavuta unyevu, na hewa yetu hii ya chumvi beringi zinashika kutu upesi, na mafuta yenye kasta (oili ya mbarika) yakikaukia kwenye pampu yanaganda, dayaframu haichezi tena. Galoni funga kwa nguvu hasa wakati wa masika, weka mbali na watoto maana ni sumu, na mbali na jiko, moto wa methanoli mchana hata huuoni.