Kuutafuta Mkahawa wa Babu: Anza na Walio Hai

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi Muscat aliniandikia kwamba babu yake alikuwa na mkahawa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar kabla ya familia kuhama, akaniuliza aanzie wapi kuutafuta. Alitaka nimtajie afisi na majalada. Nilimjibu kwa ufupi kwamba aanze na wazee wake, na nahisi hakuridhika. Naandika makala haya kumweleza sababu, kwa kuwa mimi nilianzia upande wa pili, na kosa hilo limeninyima kitu ambacho sitakipata tena.

Mkahawa wa babu yangu ulikuwa Soko Muhogo, katika chumba cha chini cha nyumba ya wakfu, milango yake miwili ikifungukia barazani. Nyumbani tuliambiwa kwamba aliufungua baada ya vita vya Hitla, wala hakuna aliyeuliza zaidi. Kwa kuwa niliamini karatasi kuliko midomo ya watu, nilikwenda moja kwa moja kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani, nikapekua kwa miezi kadhaa bila ya kuliona jina lake. Katika afisi nyingine, ambayo sitaitaja, niliambiwa mara tatu nirudi kesho, na mara ya nne nikaambiwa kwamba jalada halipo.

Wakati wote huo ami yangu mkubwa, aliyekuwa akikaanga na kutwanga buni mkahawani tangu utotoni, alikuwa akiishi Kikwajuni, mahali ninapoweza kufika kwa miguu. Nilimwahidi kwamba nitakwenda kumrekodi nikimaliza kazi ya majalada. Alifariki katika mwezi wa Ramadhani, na mimi nilikuwa bado nalisubiri jalada lile.

Baada ya hitima shangazi alinikabidhi sanduku la bati alilokuwa amelihifadhi ami. Ndani mlikuwa na dele la shaba lililotoboka kitako, daftari la madeni lililoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na stakabadhi moja ya Kigujarati. Nilimpelekea stakabadhi bibi mmoja wa Kiponda, ambaye marehemu baba yake alikuwa mfanyabiashara na akiandika hesabu zake kwa lugha hiyo. Aliisoma polepole: magunia mawili ya buni, na bei yake kwa rupia. Nilimwomba airudie. Zanzibar iliacha kutumia rupia mwaka 1936, rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu, kwa hiyo babu alikuwa akinunua buni kabla hata vita havijaanza. Neno moja katika karatasi iliyokunjwa mara nne lilisahihisha hadithi ambayo ukoo mzima ulikuwa umeikariri, na sioni haya kusema kwamba nilitoka Kiponda nikitembea kifua mbele.

Lakini stakabadhi hiyo ilinifikia kwa mkono wa shangazi, ikasomwa kwa macho ya bibi wa Kiponda. Ndiyo maana nasisitiza kwamba uanze na walio hai. Nyaraka za Kilimani zitakungoja. Mzee mwenye miaka themanini na tano hakungoji. Tunajenga majumba, tunasomesha watoto nchi za mbali, tunajivunia kwamba Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na huku wale waliokaa katika baraza zake tunawatembelea siku ya Idi kwa robo saa. Hili ni jambo la kutuumiza sote.

Unapomwendea mzee, usimuulize mwaka. Muulize nani alikuwa akikaa barazani baada ya sala ya Alasiri, kahawa ilitiwa tangawizi au iliki, nani alikuwa akileta kashata. Kwa majina ya watu hao utapata miaka. Kisha uliza sanduku liko wapi, kwani kila ukoo una sanduku lake.

Wewe wa Muscat umeniandikia kwamba dada wa bibi yako yupo hapo hapo mjini na anakumbuka vizuri. Nenda kwake wiki hii, kabla ya kuandika barua kwa afisi yoyote. Na ukifika, naomba umuulize jambo moja kwa niaba yangu. Katika daftari la babu mna kurasa zilizoandikwa kwa mkono wa kitoto, ambao shangazi aliutambua mara moja kuwa ni wa ami, na mbele ya majina kumi na saba ya wadaiwa pamechorwa duara dogo. Shangazi hajui maana yake. Muulize kama katika mkahawa wao nako kulikuwa na desturi ya kuweka alama kama hiyo, na ilikuwa ikimaanisha nini.