Meli ya kwanza ya mvuke kuvuka Atlantiki: Savannah au Sirius?

Salaam mkuu. Nimekuelewa: kitabu kimoja kinasema Savannah, 1819, kingine kinasema Sirius, 1838, na mwanao anataka jibu moja la kupeleka shule.

Mimi nikikutana na ubishi wa namna hii huangalia kwanza injini iliwaka kwa saa ngapi. Savannah ilitoka Georgia, Marekani, Mei 1819 ikafika Liverpool Juni 20, lakini safari nzima injini haikufikisha hata saa 100. Sehemu kubwa ya njia ilikwenda kwa matanga. Magurudumu yake ya pembeni ya kusukuma maji yalikuwa yanakunjwa na kupandishwa juu ya sitaha! Karibu na Ireland walioona moshi walidhani inaungua, wakaifukuzia waiokoe. Abiria hakuwemo hata mmoja, watu waliiogopa.

Sirius ndiyo iliyotegemea mvuke kweli. Ilitoka Cork, Ireland, Aprili 4, 1838, ikaingia New York Aprili 22 ikiwa na abiria 40. Great Western, meli iliyobuniwa na mhandisi Mwingereza Brunel, ilianza safari siku 4 baada ya Sirius kutoka Bristol, Uingereza, ikafika New York siku moja tu baada yake, tena ikiwa imebakiza kama tani 200 za makaa. Kwa mwendo, kwangu mimi hiyo ndiyo mshindi, ingawa ilifika ya pili; swali la mwanao lakini ni nani wa kwanza.

Ipo hadithi kwamba Sirius ilichoma viti na milango yake ili ifike; hiyo asiiandike. Kilichotiwa tanuruni makaa yalipopungua ni mapipa ya ulimbo. Aandike Sirius, kisha aongeze sentensi moja ya Savannah na matanga yake.