Acadia na familia: anzeni na Gorham, Beehive isubiri

Kila ikikaribia likizo ya shule watu wetu hapa Portland na kule Lewiston, jimbo la Maine, wanaanza kuniuliza, tukienda Acadia, ile hifadhi ya taifa ya kisiwani huku Maine, tupande mlima gani? Na wengi wameshaona video za Beehive kwenye simu, wanataka hukohuko. Jamani. Beehive ni pazuri mno sikatai, ila ni ukuta, unashika vyuma vilivyopigiliwa kwenye mwamba na chini unaona bahari, halafu ukiogopa katikati huwezi kugeuza kirahisi maana nyuma yako kuna foleni. Kama una mtoto mdogo au bibi amekuja kusalimia, achaneni nayo.

Mi nawaambia Gorham. Ni futi 525 tu, kama mita 160, najua mtu wa Moshi hapo anacheka, lakini mnaanzia karibu kabisa na bahari kwa hiyo hizo mita mnazipanda zote kwa miguu yenu. Mnapaki kwenye paking ya Gorham, mnapanda kuelekea kaskazini, mnafika kileleni, mnateremka mpaka karibu na kiziwa kinaitwa the Bowl, mnashika njia ya kushukia Sand Beach, halafu mnarudi na Ocean Path pembeni ya bahari mpaka kwenye gari. Kama kilomita tano hivi. Mkiwa na watoto tengeni nusu siku, msikimbizane.

Kwa nini nasema mlima kwanza na bahari baadaye? Kwa sababu mkianzia Sand Beach watoto hawatoki pale, na mlima ndo basi tena. Na maji yenyewe sasa! Mimi nimekulia Tanga, bahari kwangu ni kitu cha kuingia na nguo zako, lakini yale maji hata kiangazi ni nadra kuvuka nyuzi 13, unaweka mguu unatoa.

Juu kule hakuna msitu mnene, ni mwamba wa graniti wa rangi ya waridi, mpana, na njia huioni kama mlivyozoea njia ya udongo. Tafuteni alama za rangi ya buluu na vile vijiwe vilivyopangwa, mawili chini, bapa moja limelazwa juu yao, na dogo kabisa juu linaonyesha upande wa kwenda. Huo mpangilio ni wa Waldron Bates, mtu aliyechora njia nyingi za kisiwa hiki, ana kibao chake hapohapo Gorham. Sasa kuna watu wanafika wanajenga vya kwao wapige picha, au watoto wanavibomoa kwa mchezo, tafadhali msifanye hivyo, ukungu wa bahari ukiingia (na unaingia haraka kweli) hivyo vijiwe ndo vinawatoa watu.

Mvua ikinyesha mwamba unateleza, ahirisheni. Raba zenye meno, sio sendo.

Wakati wa kurudi mtapita Thunder Hole, pale wimbi linaingia kwenye ufa wa mwamba linapiga kishindo. Wengi wanafika maji yamekupwa wanasema mbona hakuna kitu, angalieni saa za maji kujaa, mfike saa moja au mbili kabla.

Paking kiangazi inajaa asubuhi mapema, na barabara ile ni ya kwenda tu, ukipitiliza ndo unazunguka upya. Kuna basi za bure, Island Explorer, kuanzia mwisho wa Juni mpaka katikati ya Oktoba, ila tiketi ya hifadhi bado mnalipia.

Halafu kupe. Wa huku wanaleta ugonjwa wa Lyme, so suruali ndefu, ingizeni ndani ya soksi, na jioni mkaguane nyuma ya magoti, makwapani na kwenye nywele za watoto, hata kama mmechoka vipi.