Kwa nini mikoko tuliyopanda imekufa?

SWALI: Kikundi chetu kilipanda miche ya mkoko kwenye tope la mbele kabisa, ufukweni Kunduchi. Karibu yote imekufa. Tumekosea wapi? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Poleni sana. Tatizo ni mahali. Tope la mbele hufunikwa na maji saa nyingi mno, mche mchanga hukosa hewa na mawimbi huung'oa. Miti ya mikokoni ina aina nyingi, na hapo ni pa aina iitwayo mlilana. Mkoko hukaa nyuma yake, halafu msinzi na mkandaa. Mchu, kwa kuvumilia chumvi kali, hufika hadi ukingo wa nchi kavu.

Rudini nyuma, karibu na mikoko mikubwa iliyosimama. Chukueni mbegu ndefu zinazochomoka zenyewe zikiguswa, zilizotobolewa na wadudu mziache. Pandeni siku za maji mafu (bahari isipojaa wala kupwa sana), ncha chini, theluthi moja ndani ya tope, kila mita moja. Msisukume kwa nguvu: ncha ikivunjika, mizizi haitoki.

Palipo na machipukizi ya asili msipande kitu. Ondoeni plastiki tu, hasa baada ya masika, maana mfuko ukinasa kwenye mche huulaza. Kaa wa topeni nao msiwafukuze. Mashimo yao hupitisha hewa topeni.