Huyu kamfungulia nani mlango?

Mwanangu,

Marahaba. Embe za Tabora zimefika. Mbili tu zilipondeka njiani, na zilizobaki baba yako amekwisha kuzimaliza.

Umeniuliza: katika tamthilia ya An Inspector Calls ya J. B. Priestley, nani mwenye kosa kubwa kuliko wote kwa kifo cha Eva Smith, yule msichana maskini aliyejiua? Unasema vijana wa klabu yako wamegawanyika, wengine wanamkaba Birling mwenye kiwanda, wengine mkewe, nao wanakutaka wewe mwalimu wao ukate shauri. Nitakujibu. Lakini kwanza niambie, nafasi ya Edna umempa nani?

Usicheke. Mmefika kwenye hukumu na chumba hamjakipanga. Neno langu unalijua, tangu mkiwa wadogo pale Mwanga mlikuwa mkilisikia na kuniiga nikigeuka: tamthilia husomwa kwa miguu. Chukueni chaki mchore sakafuni chumba cha kulia cha akina Birling. Meza, mlango, viti vitano, maana walaji ni watano: Birling, mkewe Sybil, binti yao Sheila, mwana wao Eric, na Gerald Croft mchumba wa Sheila. Wa sita ni Edna, dada wa kazi anayeondoa vyombo, wa saba Inspekta Goole. Eva mwenyewe haonekani hata mara moja. Kisha someni mkiwa mmesimama, wa kuingia aingie, wa kutoka atoke. Mtaona kwamba sehemu ya pili inaanza palepale ya kwanza ilipokomea, hata dakika haijapita. Usiku ni huo mmoja na chumba ni hicho kimoja, hakuna anayepata wasaa wa kulala akatunga uongo wa maana.

Sasa Edna. Birling anawausia vijana kwamba mwanamume ajitazame yeye na familia yake, na hao wanaohubiri watu waishi pamoja kama nyuki mzingani ni wapuuzi. Hajamaliza, kengele ya mlango inalia. Edna anaingia kusema kuna inspekta wa polisi. Birling anamwambia amlete, na aongeze mwanga. Hapo ndipo penyewe! Maelekezo ya jukwaani yanataka taa iwe ya waridi, ya kistarehe, mpaka inspekta afike, halafu iwe angavu zaidi na kali. Na mkono unaoongeza ukali huo ni wa dada wa kazi. Ameambiwa, amefanya, ametoka.

Mimi, mwaka ule tulipoiandaa, Edna nilimtoa. Shule siitaji, waliokuwapo wanajua. Binti wa kidato cha tatu alikuwa amefanya mazoezi wiki mbili na sinia la glasi sita za kuazima, hata moja haigongi mwenzake. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo, bwalo lilikuwa kubwa, na siku zilibaki mbili. Nikachukua kalamu nyekundu nikakata maneno yake yote. Machache mno, nikasema, nani atayakosa? Taa nikamkabidhi kijana aliyekaa nyuma ya pazia: balbu mbili za wati 40 zilizofunikwa karatasi ya waridi, na moja ya wati 100 iliyo tupu. (Mkifanya hivyo, karatasi ikae mbali na balbu, shibiri nzima. Yetu ya kwanza iliungua kwenye mazoezi.) Usiku wa onyesho kijana akawa hajui awashe lini, kwa sababu maneno ya kumwashiria ndiyo yale niliyoyakata. Akawasha Birling akiwa bado na nyuki wake mdomoni. Bwalo zima likapiga makofi, watu wakidhani umeme umerudi! Ndipo kengele ikalia, inspekta akatokeza katikati ya nyumba ya watu, na baba yako, ambaye kunong'ona hajawahi kujua, akauliza: "Huyu kamfungulia nani mlango?"

Walicheka hadi sehemu ya pili. Hata mimi nikisimulia hucheka. Ila yule binti, kwa kuwa hana tena nafasi jukwaani, nilimpa kazi ya kuosha glasi nyuma ya pazia. Nimejitetea miaka yote kwamba glasi za watu lazima zioshwe. Ni kweli, lazima zioshwe. Lakini nilikuwa na wanafunzi zaidi ya kumi pale nyuma, na sikumwita mwingine.

Turudi kwa vijana wako. Ukitaka waone matabaka usianze na Eva, utawapeleka moja kwa moja kwenye huruma na hawatatoka. Anza mezani. Birling anasifu chakula, anataka mpishi aambiwe. Mkewe anamkanya: maneno hayo hayasemwi mbele ya mgeni. Mwenye fedha ni mume, lakini mke ametoka ukoo wa juu kuliko yeye, naye hamwachi asahau. Kisha Birling anamwambia Gerald kwamba mvinyo huu ni uleule anaonunua baba yake Gerald. Wape wasome sentensi hiyo mara tatu: kwa kiburi, kwa mzaha, kwa woga. Ya woga ndiyo yenyewe. Tajiri anajipendekeza kwa tajiri mkubwa zaidi.

Baada ya hapo ndipo mshahara. Eva na wenzake kiwandani kwa Birling walikuwa wakipata shilingi 22 na peni 6 kwa wiki, wakaomba 25. Shilingi ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa na peni 12, kwa hiyo nyongeza ni shilingi 2 na peni 6. Waipige hesabu ubaoni wenyewe: sehemu moja ya tisa. Kuna kijana atakayesema labda kiwanda hakikuwa na uwezo. Mrudishe nyuma kidogo tu, Birling akifurahia uchumba kwa sababu siku moja kampuni yake na ya akina Croft zitashirikiana kupunguza gharama na kupandisha bei.

Andika na tarehe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapochanganya. Kufukuzwa kiwandani, mwishoni mwa Septemba 1910. Kuajiriwa duka la Milwards, Desemba. Kufukuzwa huko kwa ajili ya Sheila, mwishoni mwa Januari 1911. Mapenzi na Gerald, Machi hadi Septemba. Kukutana na Eric, Novemba. Kunyimwa msaada na kamati ya Sybil, wiki mbili kabla ya usiku wenyewe, mwaka 1912. Pembeni ongeza 1914, 1939 na 1945. Mtunzi aliandika vita vya pili vikielekea ukingoni, ikachezwa kwanza Urusi ya Kisovieti 1945, London 1946. Birling anaposema vita haviji, na Titanic haizami, watazamaji wale walikuwa wametoka kuzika watu. Vijana wasio na tarehe hizo kichwani watadhani mzee anaongea busara. Waambie mwaka huohuo 1912 ndipo reli ya Wajerumani ilipofika hapo kwenu Tabora, huku kwetu ikafika 1914. Na kuhusu meli isiyozama, sisi wa Kigoma tunayo iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe kwa makusudi 1916, ikaopolewa, ikarudi kazini 1927. Birling angeijua Liemba angenyamaza.

Jambo moja la mwisho la ufundi: picha ya Eva. Inspekta anamwonyesha mtu mmoja kwa wakati na kuwazuia wengine wasione. Gerald na Eric hawaonyeshwi kabisa, Gerald anashtushwa na jina la Daisy Renton, ambalo Eva alijiita baadaye. Mkiiacha picha ipite mkono kwa mkono, hoja ya Gerald ya mwishoni, kwamba huenda hawakuwa msichana mmoja, haitakuwa na pa kusimama.

Haya, nani? Ukinikaba koo ningesema Sybil. Kazi ya kamati yake ni kusaidia, na mwenye njaa alikuja mpaka mezani kwake. Tena anadai mwenye mimba ya Eva atafutwe aadhibiwe, hajui kwamba anamtaja Eric wake. Lakini Sybil ni wa mwisho, na wa mwisho huonekana mkubwa kwa kuwa ndiye aliyesimama karibu na maiti. Birling ndiye aliyeanza. Sheila je, aliyemkosesha mtu kazi kwa tabasamu la Eva alilolinasa kwenye kioo? Ila Sheila amekiri. Eric naye aliiba, ingawa aliiba ili ampe... Hapana, ulimi unaniwasha lakini sisemi. Vijana wakisikia bibi kasema, madaftari yatafungwa siku hiyohiyo. Waache wasimame kwenye chaki kwanza, maana tamthilia, nakwambia tena, husomwa kwa miguu.

Kitabu changu kile kisicho na jalada kiko kwa dada yako, mwambie akupe. Kengele ya baiskeli isitumike, inachekesha. Tafuteni ya mezani yenye mlio mkali. Na humo ndani utakuta mistari myekundu juu ya maneno ya Edna. Yanasomeka bado.

Mama yako