Mdogo Wangu, Usitoe Sikukuu Kwenye Hesabu ya Siku

Kila mwaka Aprili ikikaribia, ofisi za mawakili hapa Mbeya na ofisi za utawala za viwanda na mashamba, kuanzia Tukuyu mpaka Mafinga, huwa na sura mpya. Wengine mmetoka Shule ya Sheria juzi, wengine mmekabidhiwa mishahara ya watu kwa mara ya kwanza. Nawapenda, na kazi mnaifanya kwa moyo. Lakini nimemwona tena kijana na kalenda na peni nyekundu: anafuta Ijumaa Kuu, anafuta Jumatatu ya Pasaka, kisha anahesabu zilizobaki. Nikaona niliandike jambo hili lote, maana nikilisema kwa mdomo linasahaulika kabla chai haijapoa.

1. Sheria ikisema siku 30, siku 60 au wiki sita, hesabu kila siku, Jumapili na Idd zikiwemo. Siku tukio lilipotokea huihesabu, unaanza kesho yake. Inayookolewa ni siku ya mwisho peke yake: ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, unaruhusiwa kufanya jambo lako siku ya kazi inayofuata. Ndivyo ilivyo kwenye Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1, na Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inasema hivyohivyo pale muda unapoisha siku ambayo mahakama imefungwa. Sikukuu zilizo katikati hazikuongezei kitu.

Niwaeleze kwa nini sauti yangu hupanda nikifika hapa. Mwaka 2019 ofisi niliyokuwa nikifanya kazi ilimpokea mama mmoja kutoka Rungwe, ameachishwa kazi na ameshindwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi. Tuzo, yaani uamuzi wa CMA, ilimfikia Jumatano, 3 Aprili. Alikuja nayo ndani ya bahasha aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Hoja yake ilikuwa na uzito: barua ya kumwachisha ilikuwa na tarehe ya kabla ya kikao cha nidhamu. Mtu anaambiwa aje ajitetee, kumbe barua ya kumfukuza imeshachapwa.

Sheria ya kazi inampa mtu wiki sita tangu tuzo imfikie ili aombe Mahakama Kuu iipitie. Wiki sita kutoka Jumatano ile ziliisha Jumatano, 15 Mei. Mwenzetu aliyepewa jalada akaenda kwenye kalenda ya ukutani. Akazungushia Siku ya Karume, 7 Aprili, ingawa ilikuwa Jumapili. Akazungushia Ijumaa Kuu tarehe 19, Jumatatu ya Pasaka tarehe 22, Muungano tarehe 26, na Mei Mosi. Tano. Akasogea mbele siku tano, akaandika juu ya jalada kwa herufi kubwa: MWISHO 20 MEI. Jalada likapita mikononi mwa ofisi nzima na hakuna aliyehesabu upya. Tarehe ikishaandikwa kwa herufi kubwa juu ya jalada, watu huiamini kuliko sheria yenyewe.

Maombi yakafika masjala asubuhi ya tarehe 20, yamepangwa vizuri, kiapo kimesainiwa, viambatanisho vyote vipo. Wakili wa mwajiri hakugusa hoja yetu hata moja. Alileta pingamizi la awali fupi tu: maombi yako nje ya muda kwa siku tano. Hatukuwa na la kujibu, yakatupwa. Tukarudi na maombi ya kuongezewa muda, na huko msimamo wa mahakama zetu unajulikana: kila siku uliyochelewa uitolee maelezo, hata ikiwa moja, na uzembe wa wakili au kutojua sheria havihesabiwi kuwa sababu ya kutosha. Sasa siku tano ulizozifuta mwenyewe kwa peni nyekundu utazitolea maelezo gani? Nayo yakakataliwa.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo ile barua hawajaisoma?" Ndiyo, haikusomwa. Kesi haikufika kwenye barua. Mwenzetu yule alikonda mwezi ule, na alikuwa kijana hodari, mwenye bidii kuliko wengi ninaowaona sasa. Ndiyo maana nikiona kalenda imezungushiwa rangi nyekundu, naomba nihesabu mwenyewe, kwa kidole, mbele ya aliyeizungushia. Msichukie. Nawalinda ninyi na mama mwingine atakayekuja na bahasha.

2. Likizo ya mahakama ya Desemba na Januari si sikukuu. Majaji hupunguza vikao, lakini masjala iko wazi na muda wako unakwenda.

3. Mfumo wa mahakama wa kuwasilisha nyaraka kwa kielektroniki unapokea mpaka saa sita usiku. Ukituma baada ya hapo, au Jumamosi, Jumapili au sikukuu, nyaraka inahesabiwa kuwa imewasilishwa siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo ukituma Muungano asubuhi ukiwa umejifunika blanketi nyumbani mtaa wa Forest, kwa sheria hujatuma Muungano. Ada lipa siku hiyohiyo. Pingamizi nyingi zimejengwa juu ya tarehe ya risiti.

4. Jueni orodha, na jueni kwamba orodha inabadilika. Sikukuu zetu ziko kwenye Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 35, na Rais anaweza kutangaza siku nyingine, kama ilivyokuwa 23 Agosti 2022, siku ya Sensa. Idd nayo inangoja mwezi uandame. Usimwahidi mteja kitu kwenye siku hizo. Kuna pia hili la sikukuu kuangukia Jumapili. Kenya sheria yao inaihamishia Jumatatu. Sisi hatuna utaratibu huo wa moja kwa moja. Karume ile ya 2019 iliangukia Jumapili, na Jumatatu tarehe 8 watu walikwenda kazini kama kawaida. Kila mwaka kuna mfanyakazi anabaki nyumbani kwa sababu binamu yake wa Nairobi yuko nyumbani, halafu afisa mpya hajui amwandikie nini. Mwelezeni mapema, kwa upole.

5. Mtu akifanya kazi siku ya sikukuu analipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya. Ni kifungu cha 25 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ovataimu ya kawaida ni mara moja na nusu, msizichanganye. Nane Nane ndiyo inayowafichua wengi. Kampuni inapeleka vijana wake Uyole, viwanja vya John Mwakangale, wanasimama bandani tangu asubuhi kwenye vumbi na baridi ile ya Agosti, wanagawa vipeperushi na kueleza mbegu mpaka sauti zinakauka. Jioni wanapewa posho ya chakula na kofia. Tarehe 8 Agosti ni sikukuu. Posho ni posho, na kofia ni kofia. Zile saa bado zinadaiwa mara mbili. Nimemsikia afisa akisema, "Lakini si walifurahi kwenda?" Walifurahi, ndiyo. Walipe. Madai ya namna hiyo mtu ana siku 60 za kuyapeleka CMA, na malalamiko ya kuachishwa kazi siku 30, zikihesabiwa kama nilivyosema hapo juu. Ukikaa upande wa mfanyakazi, usimwache azimalize akingoja bosi arudi safari.

6. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia ndani yake zinahesabiwa humohumo, kifungu cha 31. Anayeondoka 20 Desemba anazimeza Krismasi, siku ya kufungua zawadi, Mwaka Mpya na Mapinduzi ya 12 Januari. Mkataba unaweza kumpa zaidi ya sheria, kwa hiyo someni mkataba kwanza. Na mwambieni kabla hajasaini fomu, maana akigundua akiwa kijijini atadhani mmemwibia siku nne.

7. Kodi ya mishahara na tozo ya ujuzi, mwisho tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Tazameni kalenda tena: 7 Aprili ni Karume, 7 Julai ni Saba Saba. Mara mbili kwa mwaka siku ya mwisho inakaa juu ya sikukuu. Kanuni ya siku ya mwisho ipo, naijua, nimeieleza mwenyewe. Lakini sitaki kijana wangu aende kubishana juu ya riba na adhabu wakati angeweza kumaliza tarehe 5. Andaeni ritani, ile fomu ya kutangaza kodi, mapema, tengenezeni namba ya malipo mapema, lipeni benki ikiwa wazi. Hundi ndiyo kabisa, haishughulikiwi siku ya sikukuu.

8. Hakuna sheria inayomlazimisha mwenye duka Mwanjelwa kufunga eti kwa sababu ni Uhuru au Krismasi. Akiambiwa afunge, muulizeni ni kwa amri gani: sharti la leseni, sheria ndogo ya halmashauri, au tangazo la mamlaka. Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi ni mfano. Duka linaweza kutakiwa kufungua baada ya usafi, na bado siku ile si sikukuu ya umma, kwa hiyo hakuna malipo ya mara mbili na hakuna muda unaosogea mbele kwa sababu ya usafi. Mwaka 2015 Rais Magufuli aliigeuza 9 Desemba kuwa siku ya usafi. Sherehe zilifutwa, watu wakashika mafagio, lakini sikukuu ilibaki sikukuu kisheria. Gwaride na sherehe haviingii kwenye hesabu zenu. Angalieni tarehe na sheria.

9. Mnaokwenda Tunduma kwenye ofisi za uwakala wa forodha, beba kalenda mbili. Upande wa Nakonde, Zambia, Jumatatu ya kwanza ya Julai ni Siku ya Mashujaa na Jumanne inayofuata ni Siku ya Umoja, na 24 Oktoba ni Uhuru wao. Wao sikukuu ikiangukia Jumapili wanapumzika Jumatatu, sisi tuko kazini. Mwaka 2026 Jumanne yao ya Umoja ni 7 Julai, Saba Saba yetu hiyohiyo, na ndiyo siku ya mwisho ya kodi ya mishahara ya Juni. Mwenye mzigo unaohitaji benki za pande zote mbili wiki hiyo, amalize Ijumaa, tarehe 3.