Muulize Fundi: Kabati la jikoni lanuka uvundo, udi hausaidii

SWALI

Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, kwetu Malindi, na nimepanga huku Lamu mtaa wa Langoni, chini ya nyumba ya mawe. Niliingia Januari, jikoni hakukuwa na neno. Tangu Mei kabati la chini, lile lililopigwa ukutani kando ya sinki, linatoa uvundo. Sahani nikiitoa lazima niioshe kabla ya kupakulia, na unga wa chapati umeshika harufu hata mwanangu amekataa kula. Nimesugua kwa sabuni na ndimu, nimeweka naftalini, kila usiku wa Ijumaa nafukiza udi. Baada ya siku mbili harufu iko palepale. Mwenye nyumba aniambia ni hewa ya bahari, nizoee. Nataka kulipaka rangi ndani. Nipake, au nihame?

Mpangaji, Langoni

JIBU

Marahaba, mwalimu. Usihame, na rangi usinunue bado.

Barua yako yenyewe imeshasema mengi. Januari kabati halikunuka, Mei likanuka. Januari ni kaskazi, siku kavu. Mei ni masika, mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa Lamu. Uvundo ni kazi ya kuvu, na kuvu haiishi bila maji. Basi kabati lako linanyweshwa mahali. Udi ni mzuri na nyumba yangu haikosi, lakini udi haukaushi ubao. Ndimu nayo haikaushi. Ama naftalini, nakuomba uitoe leo hii. Ni sumu, haikai pamoja na vyombo vya kulia.

Kwanza tuyatafute hayo maji. Anza na bomba, kwa kuwa ndilo jepesi. Toa vyombo vyote, zungushia karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo chini ya sinki, jaza sinki hadi juu, kisha yaachie maji yote kwa mara moja. Karatasi ikilowa, mwite fundi bomba, pengine ni kile kipete cha mpira tu, washa, kilichochakaa.

Ikibaki kavu, geukia ukuta. Kata kipande cha nailoni safi chenye ukubwa wa sahani, ukibandike kwa selotepu pande zote nne kwenye ukuta uleule, karibu na sakafu, pasipite hewa. Kiache siku mbili. Ukikuta jasho upande wa ndani, baina ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Likiwa upande wa nje unaoutazama wewe, na nyuma pakavu, basi ni unyevu wa hewa ya jikoni, mvuke wa kupika usio na pa kutokea.

Mimi nadhani ni ukuta, na nitakwambia kwa nini. Nyumba zetu za mawe ni matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena polepole kwa upepo, ndiyo kawaida yake. Wazee waliozijenga walipika juu, kwenye kidari cha meko, ambako moshi na mvuke vinachukuliwa na upepo. Siku hizi nyumba zimegawanywa za kupangisha, jiko limeshushwa chini pasipo dirisha la maana, na fundi mwenye haraka amepaka simiti juu ya chokaa. Simiti inauziba ukuta. Maji yaliyomo ndani hayana pa kutokea ila pale penye upenyo, na pengi ni nyuma ya kabati. Tena mawe haya yametoka baharini, yana chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani hata siku isiyo na mvua. Ukiona unga mweupe umechanua ukutani, ndiyo hiyo chumvi.

Kosa hili mimi nimelifanya kwa mikono yangu. Nilipotoka tu kwenye uanafunzi nilipiga makabati ya jikoni katika nyumba moja ya Mkomani, nikayabana ukutani hata wembe haupiti, nikaona nimeweza kazi. Masika ya kwanza mama wa nyumba ile aliniita. Akafungua mlango wa kabati, akasimama kando, asiseme neno. Ubao wa nyuma ulikuwa mweusi, nikiubonyeza kidole kinazama. Niliyatoa yote na kuyatengeneza upya kwa fedha yangu, na tangu siku ile sijapiga kabati kwenye ukuta wa mawe bila kuacha nafasi ya vidole viwili nyuma.

Na lako ndivyo litakavyokuwa. Mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kufungua skrubu, ungoje siku mbili tatu za jua, ulitoe kabati uani. Tazama mgongo wake. Kama ni ule ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, na umevimba, hauna dawa. Ukatwe, uwekwe plaiwudi. Ukiwa mzima, funga kitambaa puani, usugue kuvu kwa brashi hukohuko nje, kisha upake siki nyeupe ya dukani bila kuichanganya na maji. Iache saa moja, pangusa kwa kitambaa cha maji safi, uanike milango ikiwa wazi mpaka ukavu uingie ndani ya ubao. Siku moja haitoshi. Siki hiyo usiirushe kwenye ukuta wa chokaa, maana inaila chokaa. Wengi watakwambia utumie jiki. Kwa vigae sawa, lakini kwenye ubao maji yake yanazama ndani na kuvu inarudi. Na jiki isikutane na siki hata kwa bahati mbaya. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na katika jiko dogo kama lako itakuunguza mapafu.

Ukuta wenyewe uukwangue ukiwa mkavu, uufagie ile chumvi, uache wazi upigwe na hewa kadiri uwezavyo. Penye chokaa papakwe chokaa, mikono mitatu myepesi, si rangi ya mafuta wala ya plastiki. Kuvu haipendi chokaa mpya. Vaa glavu na ulinde macho, kwani inachoma.

Sasa ndipo rangi yako inapopata kazi, ila si ndani ya kabati. Paka vanishi mara mbili mgongoni, chini, na kwenye kila ukingo uliokatwa na msumeno, kwa kuwa ubao hunywea hapo zaidi. Ukiupaka ukiwa bado na maji utakuwa umeyafungia ndani. Lirudishe kabati juu ya vipande vya mbao, vidole viwili kutoka ukutani, utoboe matundu juu na chini ya ubao wa nyuma, uyafunike kwa wavu mende wasipite. Kama umetandika mpira kwenye rafu, utoe, unazuia ubao usipumue. Harufu kidogo ikisalia, weka kibakuli cha soda ya kuokea au makaa yasiyowashwa, ubadilishe kila mwezi.

Unga usiuchekeche, mwalimu, umwage wote. Najua bei yake. Lakini unga ulioshika uvundo huenda una kuvu, na kuna kuvu zinazotoa sumu isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa moto wa chapati. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa hapa nchini, wengi wao Ukambani, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mtoto wako alifanya vema kukataa. Nunua kidogo kidogo, uweke kwenye mkebe wenye kifuniko, mahali pa juu.

Limebaki la mwenye nyumba. Siku ya mvua toka usimame kichochoroni nyuma ya jiko lako, utazame mlizamu wa dari, ule mfereji wa kutolea maji ya mvua, unamwaga wapi. Ukiona maji yanashuka na ukuta, mwite palepale aje ayaone kwa macho yake, na umwambie kwa adabu kwamba kabati ni lako wewe mpangaji kulisafisha, bali ukuta na mlizamu ni vyake. Mwambie pia kuwa maji yaliyozoea kushuka ukutani hayaishii kwenye kabati, hufika na kwenye vichwa vya boriti zilizoshika dari. Sijaona mwenye nyumba wa Lamu aliyesikia habari ya boriti zake akaendelea kuisingizia hewa ya bahari.

Ile nailoni ibandike leo. Baada ya siku mbili niandikie jasho limekaa upande gani.